Haogopi Kisu, Anaogopa Sinia

Mtoto wake wa kiume ndiye aliyenipigia simu. Aliniamkia kwa adabu, akajitambulisha, kisha akaniambia kwamba mama yake, Bi Adelina, amefariki na watamzika kwao Bukoba. Nilikuwa ofisini shuleni, walimu wenzangu wakibishana juu ya chai, nikawanyamazisha kwa ukali ambao hawakuustahili. Baada ya pole na maswali ya ugonjwa, yule kijana akasita, akaniuliza jambo ambalo naona lilikuwa likimkera siku nyingi: "Samahani, Mama. Mama yetu alikuwa anafanya nini hasa huko Ifakara? Sisi alituambia tu kwamba alikuwa anakaa na wagonjwa." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka katikati ya msiba. Ni kweli kabisa, alikuwa anakaa na wagonjwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na asingekaa nami nisingekuwa na hizi mvi wala walimu wa kuwagombeza. Lakini mambo hayo hayaelezeki kwa simu, kwa hiyo namwandikia, na wengine wenye nafasi wasome pamoja naye.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nimechaguliwa chuo cha ualimu, na kichwa kimenijaa upepo. Habari za ukoo wetu na nani alimzaa nani nitaziacha, zinatuchosha hata sisi wenyewe. Inatosha kusema kwamba kwetu ni kijiji cha Mbingu, bondeni, tunalima mpunga kama kila mtu, na msimu ule wa mavuno nilikwenda mashineni kukoboa. Mkanda wa mashine ulinasa ncha ya khanga yangu, nami nikaiwahi kwa mkono wa kulia. Sisimulii zaidi ya hapo. Nilipelekwa Ifakara juu ya gari lililobeba mchele, na mpaka leo nakumbuka harufu ya magunia mapya kuliko ninavyokumbuka maumivu.

Wodi ya upasuaji ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya wavu na sakafu ya saruji iliyopigwa deki kila asubuhi mpaka ikateleza. Kitanda cha jirani yangu alilala Mama Kabula, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wa mumewe, na mmoja wa ng'ombe hao ndiye aliyemvunja mguu. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na vizito, hakuweza hata kugeuka, lakini hakuna jambo lililotokea hospitali ile asilijue. Alijua nani kajifungua mapacha, nani kagombana na mkwewe jikoni, na daktari gani kaamka vibaya. Upande wangu wa pili kulikuwa na kiti cha mbao, na juu ya kiti hicho alikaa Shangazi Krisensia, dada yake baba, aliyekuwa akiishi pale pale Ifakara. Alikuja kila mlo na kapu lake: wali, perege wa mchuzi wa nyanya, siku nyingine majani ya kunde. Alijaza kijiko, akakileta mdomoni mwangu kama ninavyowaona mabinti wakilisha watoto uji, nami niligeuza uso ukutani. Wote walisema sina hamu ya chakula. Hamu nilikuwa nayo, tena njaa iliniuma mpaka nikawa naota ukoko.

Wageni nao hawakukosa. Ukiwa mgonjwa kwetu huwezi kulalamika kwamba umesahauliwa. Walikuja kutoka Mbingu, wakasimama kuzunguka kitanda, wakaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyefuata naye akaniambia hivyo hivyo, na katekista akaja kuirudia methali hiyo tena kwa sauti ya kanisani, mpaka nikatamani kumwona huyo mhunzi nimuulize mwenyewe alifanyaje. Jirani yetu mmoja, mtu mwema kabisa, alitaka kunipa moyo kwamba ndugu watanisaidia. Akaanza, "Unajua, mwanangu, mkono mmoja hauchinji..." Akanyamaza. Wodi nzima ikanyamaza naye. Mama Kabula akamalizia kutoka kitandani kwake, "...ng'ombe. Sema tu, baba, hata mimi sitaki kuwasikia ng'ombe." Ndiyo mara yangu ya kwanza kucheka humo wodini.

Daktari Komba, mpasuaji wetu, alikuwa amejitahidi kuuokoa mkono. Alitoa vidole viwili kwanza, akasafisha, akafunga, akangoja. Kisha kidonda kikabadilika rangi na harufu. Asubuhi moja kwenye raundi, akiwa amezungukwa na wauguzi, aliniambia bila kuzunguka: mkono uondolewe juu ya kifundo cha mkono kabla uozo haujapanda, vinginevyo ataondoa zaidi, au nitakufa. Nikasema sitaki. Akadhani sikusikia, akarudia polepole. Nikasema nimesikia, sitaki. Shangazi alilia, muuguzi wa zamu akanifokea, Padre akaja kuniombea. Kila mmoja alinieleza kwamba nitachomwa sindano na sitahisi kitu. Hakuna aliyeniuliza kama ni maumivu ninayoyaogopa.

Ndipo Daktari akaagiza nipelekwe kwa Bi Adelina. Hapa inabidi nieleze, maana leo hospitali nyingi zina watu wa namna hiyo na hakuna anayeshangaa. Wakati ule hata neno mwanasaikolojia lilikuwa linatupasua ulimi. Alikuwa amefika miezi michache kabla yetu, mwanamke mwembamba mwenye miwani, Mhaya, na kwa hiyo wauguzi walimtania kwamba anakoroma kwa Kiingereza. Hospitali ilikuwa imemkubali bila kujua impe kazi gani. Hakuwa na sindano wala dawa, na hakutoa damu ya mtu. Wakampa chumba kidogo kilichoshikana na kikanisa cha hospitali, ambacho zamani kilitunza mavazi ya Padre, na ndani yake bado mlikuwa na kabati lenye msalaba mlangoni. Madaktari nao walimpelekea wagonjwa waliowashinda tu: mwenye saratani iliyokwisha kuenea, au yule ambaye hakuna aliyetaka kumwambia majibu yake. Wagonjwa wana macho. Mtu akiitwa kwenye chumba kile, siku chache baadaye kitanda chake kilikuwa kitupu na godoro liko juani. Halafu tukasikia kwamba mama yule ukimweleza siri zako hamwambii mtu yeyote. Sisi Wakatoliki wa bondeni hatukuhitaji maelezo zaidi. Padre ana kazi nyingi, tukasema, sasa kapata msaidizi wa kuwaandaa wanaokufa.

"Ng'wanone," Mama Kabula aliniambia nilipoletewa kiti cha magurudumu, akiniita mwanawe kwa lugha yao, "kule walikwenda watatu tangu nifike. Sikuona hata mmoja anarudi kula." Akanishika mkono mzima, akanipa rozari aliyoachiwa na mgonjwa mwingine, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amebatizwa. Shangazi alifunika uso kwa khanga. Nilisukumwa kupita varanda nikiwaaga watu kwa macho, nikiwaza kwamba Daktari ni mwongo, ananiambia nitapona kumbe ameshanitoa kwenye hesabu.

Bi Adelina alifunga mlango, akakaa. Kabla hajasema neno nilishuka kwenye kiti, nikapiga magoti, nikafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo lenyewe lilinitia hofu, nikaanza kuungama. Niliungama vizuri, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa. Aliniacha niende kwa muda, nadhani kwa mshangao, kisha akashuka naye akakaa sakafuni mbele yangu.

"Fidea, mimi siyo Padre."

"Najua. Yeye atakuja baadaye na mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mpako wa wagonjwa. Si ndiyo maana nimeletwa kwako kwanza?"

Alinitazama, akatazama kabati la Padre, akatazama ukuta ambao nyuma yake palikuwa na altare. Akaanza kucheka. Kisha kicheko kikamkauka, akavua miwani. "Wote wanadhani hivyo?" aliuliza. Nikamwambia wote, hata Msukuma asiyebatizwa. Akaipangusa ile miwani. Sijui alikuwa akiwafikiria wangapi waliopita mlango ule wakiamini anawasindikiza. Aliponivalia uso wa kazi tena alisema, "Kwanza usikie hili. Ukikatwa mkono, utapona. Sikuletwa kukuaga." Nilimwamini, sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa amekaa chini na gauni lake limechafuka.

Nilidhani sasa atanieleza habari za sindano. Badala yake akauliza, "Tuseme umeshakatwa na kidonda kimepona. Kuna siku moja unayoiogopa kuliko zote. Ni ipi? Nihadithie siku hiyo." Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo, na jibu lilitoka kabla sijalipanga. Nikamwambia ni siku nitakayofika nyumbani. Watapika wali na samaki kwa kunipokea, wataweka sinia katikati ya mkeka, watanawa, wataanza. Mimi nitakuwa na mkono wa kushoto tu. Mkono wa kushoto, yule kijana wa Bukoba anajua, ni wa chooni. Humpi mtu kitu kwa mkono huo, humwamkii mkubwa, na kuutia kwenye sinia la watu ni kuwatukana wote waliolizunguka. Kwa hiyo watanitengea. Watanitengea kwa upendo, sahani yangu na kijiko changu, pembeni, na nitakula hivyo mpaka nife, kama mgeni au kama mwenye ukoma. Nilimwambia heri nife nikiwa bado mtu wa sinia. Leo nikiyaandika naona yanaweza kuonekana ya kitoto. Hayakuwa ya kitoto. Nililia pale mpaka bandeji ikalowa, na yeye hakunikataza wala hakuniambia habari za mhunzi.

Aliponirudisha mwenyewe wodini, akinisukuma, wanawake waliinuka vitandani kama wameona mtu katoka kaburini. Mama Kabula alipiga kigelegele. Muda mfupi baadaye nilimsikia Bi Adelina nje ya dirisha, akizungumza na Daktari Komba.

"Amekubali?"

"Bado."

"Sasa ulikuwa unafanya nini muda wote huo? Nimekuletea umshawishi."

"Daktari, mmemshawishi watu kumi kwa jambo asiloliogopa. Haogopi kisu, anaogopa sinia."

"Anaogopa nini?"

Akamweleza. Daktari alikuwa mtu wa Songea, mtoto wa watu wanaokula pamoja. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mama, uozo hausubiri sinia."

"Nipe mpaka kesho mchana."

"Mpaka kesho mchana. Nami nitaandaa chumba."

Nyuma ya wodi palikuwa na jiko la ndugu wa wagonjwa, banda la bati lisilo na kuta, ambamo wanawake wa kutoka bonde zima walipika kwenye mafiga, kila mmoja na moto wake. Moshi, vikohozi, watoto migongoni, na maneno yasiyo na mwisho. Kesho yake mchana Bi Adelina alinisukuma mpaka pale, akamwamkia Shangazi na wanawake waliokuwa wakila naye, akakaribishwa, akakaa mkekani. Akanawa. Akauweka mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akatia wa kushoto kwenye sinia, akafinyanga tonge, akala.

Nawaambia hata moto uliacha kulia. Mwanamke mmoja aliinuka, akambeba mtoto wake, akaenda zake. Mwingine alibaki na tonge shavuni bila kutafuna. Shangazi Krisensia, aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa jumuiya na hakuwa na simile na mtu, alisema, "Binti, umesoma mpaka wapi usijue mkono wa kulia?"

"Naujua, Mama," alijibu Bi Adelina, na nikaona jasho juu ya mdomo wake, maana alikuwa Mhaya, na kwao pia desturi ndiyo hiyo hiyo. "Nataka kuona itachukua muda gani mpaka mnizoee. Fidea anadhani hamtamzoea kamwe."

Shangazi akanigeukia. Sitasahau uso ule. Siku zote hizo alikuwa amenishikia kijiko akidhani samaki wake wamenichosha. "Ndicho hicho?" aliniuliza. "Ndicho hicho unachotaka kufia?" Akaguna kwa hasira, akachukua birika la kunawia na kipande cha sabuni ya mche, akanivuta mkono wa kushoto. Alinisugua kama anasugua sufuria iliyogandiwa na ukoko, kati ya vidole, chini ya kucha, mpaka ngozi ikauma. Akanimwagia maji taratibu, kama anavyomnawisha mgeni wa heshima. Akasema, "Sasa ni mkono. Kula."

Nilikula. Mkono ule ulikuwa mjinga, nusu ya wali ulianguka upande wa Shangazi, naye aliukusanya, akala bila kunitazama. Wawili kati ya wale wanawake waliendelea kula nasi. Wengine hawakuendelea, na siku zilizofuata walihamia kona nyingine ya banda. Shangazi aliwatangazia kwamba mwenye kinyaa akale kwao. Sitaki kusema dunia ilibadilika kwa tonge moja. Lakini alasiri ile ile Daktari Komba alikuja na karatasi yake ya ridhaa, na nilipotia alama alinishukuru, jambo ambalo sijawahi kuona daktari akimfanyia mgonjwa.

Mkono ukaenda. Shangazi aliuomba, akauzika kwa heshima mahali anapopajua yeye. Nilikaa Ifakara karibu mwaka mzima, kwanza wodini, kisha nyumbani kwake, nikienda kufungwa kidonda, na muda huo nilimwona Bi Adelina akiitengeneza kazi yake mwenyewe kipande kwa kipande, kama mtu anayejenga huku amehamia. Jambo la kwanza aliloomba kwa Daktari lilikuwa, "Nileteeni na wale watakaopona." Wa kwanza kupelekwa alikuwa Mama Kabula, mara tu aliposhushwa mguu. Alikwenda na magongo, akarudi akipiga kelele tangu varandani: "Nimerudi! Niwekeeni chakula!" Tangu siku hiyo watu waliacha kuagana. Kisha Bi Adelina akaomba kufuatana na raundi. Mwanzoni alisimama nyuma ya wauguzi wote. Nilipolalamika kwamba vidole nisivyo navyo vinaniwasha, na wagonjwa wakasema Shangazi hakuuzika mkono vizuri, Daktari Komba alimgeukia yeye, mbele ya watu wote, akamuuliza. Akatueleza kwamba kichwa kinachelewa kupokea habari za mkono, na kwamba siyo wazimu wala mzimu. Shangazi alifurahi kuliko mimi. Baada ya hapo Bi Adelina alisimama karibu na kitanda, na wauguzi wakaanza kumwita wenyewe, kwa aliyepoteza mtoto, kwa aliyeungua, kwa mzee wa Mang'ula aliyekataa kumeza dawa. Alasiri alinikalisha mezani kwake kwenye kile kile chumba cha Padre, nikajifunza kuandika kwa kushoto. Herufi zangu zilikuwa kama kuku wamepita, naye alizisifia kwa kipimo, kamwe hakuzidisha. Namshukuru kwa hilo pia. Sifa za uongo nilikuwa nazo za kutosha kutoka Mbingu.

Siku ya kurudi nyumbani alitaka kunisindikiza, kisha akakataa mwenyewe. "Nikiwepo watakula kwa ajili yangu," alisema. Nikapanda treni na Shangazi. Tulifika mchana. Walikuwa wamepika, kama nilivyojua watapika, na harufu ya mchele mpya ilinipokea kabla ya watu. Nilipigwa mabusu, nikalizwa, nikapewa maji. Kisha mkeka ukatandikwa, baba akaketi na wadogo zangu, sinia likawekwa katikati. Na kando, juu ya kigoda kilichofunikwa kitambaa kizuri kilichofumwa na mama, iliwekwa sahani moja, mpya, yenye maua, na kijiko kinachong'aa. Samaki mkubwa kuliko wote alikuwa kwenye sahani ile. Mama alinitazama akitabasamu, akingoja nifurahi.

Shangazi Krisensia alifungua mdomo, kisha akaufunga. Nilikuwa peke yangu. Nikaenda kwenye birika, nikalishika kwapani, nikanawa mkono mzima vizuri, kati ya vidole, chini ya kucha, kila mtu akitazama. Nikainua ile sahani yenye maua, nikaibeba mpaka mkekani, nikaimimina yote, wali na samaki, katikati ya sinia. Nikakaa. Nikafinyanga tonge langu, likatoka baya, nikala.

Baba alilitazama sinia, akanitazama mimi. Akanyoosha mkono, akamega yule samaki pale pale nilipokuwa nimegusa.

"Sogea kidogo, Fidea," alisema. "Unanizibia."